Eugène Poubelle: Mkuu wa mkoa aliyegeuka jina la pipa la taka

KILA siku mamilioni ya watu nchini Ufaransa hulitaja jina la Eugène Poubelle bila kumkumbuka mwenyewe. Hulitaja wanapotupa maganda ya viazi, wanapomtuma mtoto akamwage taka, na wanapomlalamikia jirani aliyeacha uchafu kwenye ngazi. Kwa Kifaransa pipa la taka huitwa poubelle, na asili ya neno hilo ni jina la ukoo la mkuu wa mkoa ambaye, mwaka wa 1884, aliwalazimisha wakazi wa Paris kutia taka zao ndani ya chombo chenye kifuniko.

Hata hivyo, historia imemtendea nusu ya haki. Amri yake haikuhusu pipa moja. Ilitaka vyombo vitatu: kimoja cha mabaki ya chakula na vitu vinavyooza, cha pili cha karatasi na matambara, na cha tatu cha vioo, vyungu vilivyovunjika na makome ya chaza. Watu walilipokea pipa, wakakataa kutenganisha. Miaka 140 ilipita kabla ya sheria ya Ufaransa kudai kwa mara nyingine kwamba mabaki ya chakula yawekwe kando na taka nyingine katika kila nyumba.

Ni kisa cha kiongozi aliyeona mbali katika jambo ambalo wengi waliliona dogo. Ni kisa pia cha amri njema iliyokwama kwa sababu haikuwafikiria mapema watu waliokuwa wakiishi kwa takataka.

Mwalimu wa sheria

Eugène-René Poubelle alizaliwa Aprili 15, 1831 katika mji wa Caen, jimbo la Normandy, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Alisomea sheria hadi akapata shahada ya uzamifu, kisha akawa mwalimu wa somo hilo katika vyuo vya Caen, Grenoble na Toulouse. Kufikia umri wa miaka 39 alikuwa msomi asiyejulikana sana nje ya kuta za chuo.

Vita ndivyo vilivyobadilisha mkondo wa maisha yake. Mwaka wa 1870 Ufaransa ilipigana na Prussia ikashindwa. Utawala wa kifalme wa Napoleon wa Tatu ukaanguka, na jamhuri changa ikahitaji watumishi wapya ambao haukuwa na shaka uaminifu wao. Mnamo Aprili 1871 serikali ya Adolphe Thiers ilimteua Poubelle kuwa mkuu wa mkoa wa Charente. Katika miaka iliyofuata aliongoza pia mikoa ya Isère, Corsica, Doubs na Bouches-du-Rhône, ambao makao yake makuu ni jiji la bandari la Marseille.

Mnamo Oktoba 1883 alipewa wadhifa uliokuwa mzito kuliko yote ya aina hiyo, yaani ukuu wa mkoa wa Seine, uliokuwa na Paris ndani yake. Wakati huo Paris haikuwa na meya. Serikali, ikikumbuka maasi ya 1871, haikutaka jiji hilo liwe na kiongozi wake wa kuchaguliwa, na hali hiyo ilidumu hadi 1977. Msomaji wa Kenya anayekumbuka mamlaka ya wakuu wa mikoa kabla ya Katiba ya 2010 atauelewa wadhifa huo kwa urahisi. Lilikuwepo baraza la madiwani waliochaguliwa, lakini aliyetia saini amri za kuendesha jiji alikuwa mkuu wa mkoa.

Jiji la fahari na uvundo

Paris aliyoikuta Poubelle ilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, mtangulizi wake, Baron Haussmann, alikuwa ameijenga upya kati ya 1853 na 1870 kwa barabara pana, bustani na mifereji ya chini ya ardhi ambayo wageni walikuja kuitazama. Kwa upande mwingine, zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wakiishi humo pamoja na maelfu ya farasi, na taka za nyumbani bado zilitupwa kama zilivyotupwa enzi za mababu.

Desturi ilikuwa rahisi. Usiku, takataka zilimwagwa kwenye lundo mbele ya nyumba. Zilikaa hapo hadi asubuhi, zikipekuliwa na mbwa na panya, zikinyeshewa na mvua na kukanyagwa na wapita njia, mpaka mikokoteni ya farasi ilipofika kuzizoa. Kilichobaki kwenye mawe ya barabara kiligeuka tope jeusi lenye uvundo ambalo lilikuwa mashuhuri kwa karne nyingi.

Hofu ya maradhi haikuwa ya kubuni. Mwaka wa 1832 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 18,000 jijini Paris, na ugonjwa huo ukarudi tena na tena katika miongo iliyofuata. Mwaka ambao Poubelle aliteuliwa, mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alikuwa safarini Misri na kisha India akiisaka bakteria ya kipindupindu. Papo hapo Paris, Louis Pasteur alikuwa ameshawaaminisha watu wengi kwamba maradhi huletwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Usafi ulikuwa umetoka katika adabu ya nyumbani na kuingia katika siasa.

Taka zilikuwa mali

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba taka za Paris zilikuwa hasara tupu. Zilikuwa na wenyewe.

Wa kwanza walikuwa waokota taka. Maelfu yao walitembea usiku kucha wakiwa na tenga mgongoni, taa mkononi, na fimbo yenye kulabu ya kuchakuria malundo. Matambara waliyookota yaliuzwa kwa viwanda vya karatasi, kwani kwa muda mrefu karatasi ilitengenezwa kwa vitambaa vikuukuu. Mifupa iligeuzwa vifungo vya nguo na gundi, au ikachomwa kupata makaa ya kusafishia sukari. Vyuma, ngozi, nywele na vipande vya vioo, kila kimoja kilikuwa na mnunuzi wake. Biashara hiyo ilikuwa na ngazi zake pia. Walikuwepo waliozurura kokote, na walikuwepo waliokuwa na mitaa yao maalumu, wakijuana na mabawabu na kuingia uani kabla ya wengine, haki ambayo ingeweza kurithiwa.

Wa pili walikuwa wakulima. Kilichobaki baada ya waokota taka kupita kilikuwa zaidi mabaki ya mboga, maganda, majivu, samadi na vumbi. Mikokoteni iliyapeleka mashambani kando ya jiji, ambako yalirundikwa yaoze. Mbolea hiyo ilikuwa na majina mawili kulingana na umri wake. Ile mbichi iliyotoka mjini iliitwa ya kijani, na ile iliyokwisha kuoza na kupoa iliitwa nyeusi. Wakulima waliipenda nyeusi, ambayo leo ingeitwa mboji. Mboga zilizolimwa kwa mbolea hiyo zilirudi Paris kuuzwa sokoni, na maganda yake yakarejea tena shambani. Mzunguko huo ulikuwa wa kale na ulilisha watu wengi.

Amri ya vyombo vitatu

Poubelle hakupoteza muda. Mnamo Novemba 24, 1883, mwezi mmoja hivi baada ya kuteuliwa, alitia saini amri iliyotakiwa kuanza kutekelezwa Januari 15, 1884. Kila mwenye jumba la kupangisha alitakiwa kuwapa wapangaji wake chombo cha pamoja cha taka. Chombo kiwe cha mbao, kifunikwe bati kwa ndani, kiwe na kifuniko, na kiwe cha ujazo wa kati ya lita 40 na 120, ili wazoataka waweze kukiinua. Kitolewe nje muda mfupi kabla ya mkokoteni kupita, kisha kirudishwe ndani. Kumwaga taka barabarani kukawa kosa.

Sehemu ya kutenganisha ndiyo iliyokuwa na hekima zaidi. Mabaki ya chakula ni majimaji. Yakichanganywa na karatasi, karatasi hulowa, hushika mafuta na kuoza kabla ya kufika kiwandani, na hakuna atakayeinunua. Yakichanganywa na vioo na vigae, mbolea inayotokana nayo humkata mkulima vidole na kuumiza miguu ya ng'ombe. Makome ya chaza, ambayo watu wa Paris waliyala kwa wingi, huchukua miaka mingi kumomonyoka ardhini. Yakitengwa jikoni, kabla hayajakutana, kila kundi hubaki na thamani yake. Yakishachanganyika, hakuna mashine wala mkono unaoweza kuyarejesha yalivyokuwa.

Mantiki hiyo haijabadilika tangu siku ile. Tofauti ni kwamba leo kuna plastiki.

Ghadhabu ya Januari

Amri ilipoanza kutekelezwa, lawama zilimwagika kutoka pande tatu.

Wenye nyumba walilalamikia gharama. Kununua chombo kimoja kwa kila jumba ilikuwa mzigo, seuze vitatu, na wengi waliona kwamba serikali ilikuwa ikiingilia mali ya mtu binafsi. Mabawabu, watumishi walioishi chini ya majumba hayo na kulinda mlango, walilalamika kwamba walikuwa wakilazimishwa kuamka alfajiri kubeba uchafu wa watu wengine.

Malalamiko mazito zaidi yalitoka kwa waokota taka. Ikiwa taka zitafungiwa ndani hadi dakika chache kabla ya mkokoteni kufika, watazichakura saa ngapi? Usiku mzima wa kazi ulikuwa umefutwa kwa kalamu. Tena pigo hilo liliwakuta wakati mgumu, kwani viwanda vya karatasi vilikuwa vimeanza kutumia miti badala ya vitambaa na bei ya matambara ilikuwa ikishuka. Magazeti yaliandika habari za familia zilizokosa chakula. Baadhi ya wanasiasa waliwatetea kwa huruma ya kweli, na wengine kwa sababu walipata fimbo ya kumchapia mkuu wa mkoa.

Wenye kumbukumbu ndefu walikumbusha yaliyotokea 1832. Mwaka huo, katikati ya janga la kipindupindu, wakuu wa jiji walibadilisha utaratibu wa kuzoa taka bila kuwashauri waokotaji. Matokeo yake yalikuwa ghasia, na mikokoteni mipya ikachomwa moto.

Ni katika siku hizo za Januari 1884 ambapo magazeti yalianza kuviita vyombo vile masanduku ya Poubelle. Nia ilikuwa kumkejeli. Waandishi walimchukua msomi yule mwenye cheo kikubwa na kulibandika jina lake kwenye uchafu wa mlangoni. Hawakujua kwamba kejeli yao ingeishi kuliko magazeti mengi yaliyoichapisha. Kufikia 1890 neno hilo lilikuwa limeshaingia katika nyongeza ya kamusi kubwa ya Larousse.

Maafikiano, na kilichopotea

Poubelle alilegeza kamba bila kuiachia. Mnamo Machi 7, 1884 alitoa amri nyingine iliyorekebisha ile ya kwanza. Pipa la pamoja lilibaki. Lakini waokota taka waliruhusiwa kutandika kitambaa kando ya barabara, kumwaga yaliyomo ndani ya pipa, kuchagua walichotaka na kurudisha kilichobaki kabla ya mkokoteni kupita. Wengine waliendelea kuingia uani kwa makubaliano na mabawabu. Amani ikarejea, na barabara zikawa safi kuliko zamani.

Kilichozama katika maafikiano hayo ni vile vyombo vitatu. Wenye nyumba wengi walinunua kimoja tu, na wapangaji wakatumbukiza humo kila kitu pamoja. Kazi ya kutenganisha, ambayo amri ilitaka ifanywe na kila nyumba jikoni mwake, ilirudi mikononi mwa maskini waliochakura alfajiri kwa vidole vyao.

Athari zake zilionekana mashambani. Kadiri miaka ilivyosonga, taka za Paris zilizidi kuwa na vioo, vigae na mabati, na wakulima wakazidi kunung'unika. Mbolea za viwandani zilikuwa zimeanza kupatikana, nyepesi kubeba na zisizokata vidole. Mwishoni mwa karne ya 19, mbolea ya taka iliyokuwa ikigombewa ilianza kukosa wateja. Jiji lilijaribu kuzisaga taka kwa mashine ili zifae mashambani. Kisha, mapema katika karne ya 20, likaanza kuzichoma. Mzunguko wa kale kati ya jikoni na shamba ukakatika.

Haiwezekani kusema kwa hakika kwamba vyombo vitatu vingeuokoa mzunguko huo. Mbolea za viwandani zilikuwa na nguvu zake, na jiji lilikuwa likimeza mashamba yaliyolizunguka. Lakini malalamiko ya wakulima kuhusu vioo yalikuwa yaleyale ambayo chombo cha tatu kilikusudiwa kuyazuia.

Zaidi ya pipa

Poubelle alikaa madarakani kwa miaka 13, hadi 1896, na mengi aliyoyafanya yamefunikwa na pipa lake. Mnamo Julai 31, 1885 alitia saini amri iliyowaruhusu wanawake kufanya mtihani wa kuingia katika mafunzo ya juu ya udaktari kwenye hospitali za Paris. Wakuu wa hospitali na madaktari wengi walipinga, lakini yeye hakutetereka. Augusta Klumpke na Blanche Edwards, wanafunzi wawili waliokuwa wamepigania haki hiyo, waliingia katika historia ya udaktari kupitia mlango huo.

Januari 8, 1887 saini yake iliwekwa kwenye mkataba wa kujenga mnara wa chuma wa Gustave Eiffel, pamoja na ya Eiffel mwenyewe na ya waziri Édouard Lockroy. Poubelle alitia saini kwa niaba ya jiji. Mnara huo ulifunguliwa 1889, na leo ndio nembo ya Paris duniani kote. Kati ya wale watatu waliotia saini, mmoja amepewa mnara na mwingine amepewa pipa.

Kipindupindu kiliporejea 1892, Poubelle aligeukia majitaka. Sheria ya Julai 10, 1894 iliwalazimisha wenye nyumba kuunganisha vyoo vyao na mifereji ya chini ya ardhi kwa gharama yao wenyewe. Walinung'unika tena kama walivyofanya miaka kumi nyuma. Hata katika jambo hilo, wazo la kurudisha uchafu ardhini halikuwa mbali, kwa sababu tangu miaka ya 1870 sehemu ya majitaka ya Paris ilikuwa ikitumika kunyunyizia mashamba ya mboga huko Gennevilliers, nje kidogo ya jiji.

Siku za mwisho

Mwaka wa 1896 Poubelle aliondoka Paris na kuwa balozi wa Ufaransa huko Vatican, wadhifa alioushikilia hadi 1898. Baadaye alistaafu na kuhamia kusini, karibu na mji wa Carcassonne, ambako alijihusisha na kilimo cha zabibu na kuzitetea mvinyo za eneo hilo. Alifariki Julai 1907 akiwa na umri wa miaka 76, na mwili wake ukazikwa katika makaburi ya Herminis, karibu na Carcassonne.

Paris ilimkumbuka kwa barabara moja fupi katika mtaa wa 16, karibu na mto Seine. Ukumbusho wake mkubwa umebaki kwenye ndimi za watu. Ni viongozi wachache ambao majina yao hutajwa kila siku katika kila nyumba ya nchi yao, na pengine ni wachache zaidi ambao wangetamani kutajwa kwa namna hiyo.

Wazo lililorudi

Katika karne ya 20 taka za Ufaransa ziliongezeka, na wale waokotaji wa alfajiri wakapigwa marufuku jijini Paris baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni katika miaka ya 1970 ambapo wazo la kutenganisha lilianza kurejea, kwanza kwa vioo, kisha kwa karatasi na vifungashio. Mabaki ya chakula ndiyo yaliyochelewa zaidi. Sheria iliyopitishwa Februari 2020 iliagiza kwamba kuanzia Januari 1, 2024 kila mkazi wa Ufaransa apewe njia ya kuyatenga, iwe ni kwa chombo maalumu kinachozolewa na jiji au kwa kuyaozesha karibu na nyumbani. Katika mitaa kadhaa ya Paris sasa kuna makasha ya mboji ya pamoja, bustanini na nyuani, ambako majirani hupeleka maganda yao na baadaye kugawana udongo mweusi kwa ajili ya mimea.

Ufundi wenyewe hauna siri. Mabaki mabichi ya jikoni huchanganywa na vitu vikavu kama majani makavu, vumbi la mbao au vipande vya boksi. Mchanganyiko huachwa uwe na unyevu kama wa sifongo iliyokamuliwa, na hugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite. Viumbe wadogo wasioonekana huufanyia kazi. Lundo kubwa lililotunzwa vyema laweza kufikia joto la nyuzi 60, ambalo huua mbegu za magugu na viini vingi vya maradhi. Hewa ikikosekana, lundo hunuka na kutoa gesi ya methani, ambayo huchangia kuongezeka kwa joto duniani. Hilo ndilo hutokea maganda yanapofukiwa ndani ya jaa la jiji.

Kenya nayo imeingia katika njia hiyo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakozalishwa, zinazooza zikiwekwa kando na zisizooza. Nchini Kenya, sehemu kubwa ya taka za nyumbani ni za kuoza: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya sukuma wiki, mabaki ya ugali. Zikitengwa, ni mbolea kwa mkulima. Zikichanganywa na chupa na karatasi, huviharibu vyote viwili, na kila kitu huishia Dandora.

Na huko Dandora wapo watu ambao Poubelle angewatambua mara moja. Wana kulabu mkononi na gunia mgongoni, na huamka kabla ya jogoo. Wao ndio hufanya kazi ya kutenganisha ambayo nyumba nyingi hazijaifanya, na hulipwa kidogo kuliko wote. Mjini Paris mwaka wa 1884, wenye vyeo walikaa mezani na wenye majumba walipewa amri, lakini wale walioijua taka kuliko mtu yeyote hawakuulizwa hadi walipopiga kelele. Walipokuja kusikilizwa, maafikiano yaliyopatikana yaliacha mikono yao ndani ya uchafu na yakauacha mpango wa vyombo vitatu kwenye karatasi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ambao Poubelle aliuona ulikuwa jikoni, pale ganda la kiazi linapoangukia juu ya karatasi. Alijaribu kuuziba kwa amri ya siku moja, akafaulu nusu. Nusu iliyobaki iliwachukua Wafaransa miaka 140 kuirudia, na mji wowote unaoanza leo unaweza kuufupisha muda huo ukianza na vyombo vyake vyote, na ukiwaita mezani waokota taka kabla wino wa amri haujakauka.